Wasimu Amepanda

"Mikono yako ikae huko huko, Mama Nashon! Rudi nyuma. Rudi tena."

"Nikirudi tena nitakuwa nje, Mama Dolphine, na nyumba ni yangu."

"Basi kaa nje ya nyumba yako!"

Phelesia hakutoka. Alisimama katikati ya nyumba, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula. Kwenye kona, kati ya mtungi wa maji na tenga la kuku, Truphena alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu za kumnyang'anya simba. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala fofofo. Kelele za nyanya zake wawili hazikumhusu hata kidogo. Alikuwa bado hajathibitisha kama dunia ipo.

"Nipe mjukuu wangu."

"Ni wangu pia."

"Basi nipe nusu yangu. Nipe upande wa miguu!"

Nyuma ya pazia, kitandani, Dolphine aliangua kicheko halafu akaguna. "Jamani, msinichekeshe, naumia! Mama, mpe mtoto."

"Wewe nyamaza, wewe ni mgonjwa," mama yake alimjibu. "Basi la Homa Bay linaondoka mchana. Sisi watatu tutakuwa ndani. Mtoto atakulia Mbita, kwa watu wenye vichwa vilivyokaa sawa."

Sasa hapo ndipo maneno yalipofika, na hayakuwa yameanzia hapo.

Truphena ndiye aliyemzaa Dolphine, na Dolphine ameolewa na Nashon, mtoto wa kiume wa pekee wa Phelesia, ambaye wakati huo alikuwa Kisumu akijenga barabara. Na mama wa bibi arusi akifika kwa wakwe, mwajua mambo yake: anabebwa kama yai. Anapewa kiti chenye mgongo, anaongea kwa sauti ya kanisani, na kulala hapo ni mwiko. Truphena alikuwa akilala kwa binamu yake nyuma ya soko. Alikuja kutoka Mbita kumwona mjukuu, na tenga la samaki wakavu kichwani. Harufu ya samaki wale ilishuka kwenye basi kabla yake, ikauliza njia, na alipofika mwenyewe akakuta paka wote wa Migori wameshapanga foleni langoni.

Mtoto akaletwa kutoka zahanati jioni hiyo hiyo. Phelesia alitaka kumrukia. Lakini adabu ikamponza.

"Mgeni kwanza," alisema.

"Hapana, wewe mwenye boma kwanza," Truphena alijibu, mikono tayari imeshafika kwenye nguo za mtoto.

"Nimesema mgeni kwanza."

Basi mgeni akashika kwanza, akashika pili, akashika na ya tatu, na Phelesia akajifariji kwamba zamu yake itafika asubuhi. Akamwangalia mtoto kwa mbali kama mtu anayeangalia nyama ya harusi ya jirani. Na ili mgeni asichoke kukaa, akafanya kosa la kumwambia: "Gari la sinema limefika. Usiku huu twende nikuonyeshe."

Gari lenyewe lilikuwa la serikali, na huo ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, kila kitu cha serikali kilipigiwa vigelegele, hata moshi wake. Liliegeshwa uwanjani karibu na soko, shuka jeupe likafungwa kati ya miti miwili, jenereta likaanza kukohoa. Watu walikuja kutoka kila upande: Waluo wa ziwani, Wakuria wa mpakani, Wakisii wenye ndizi zao, na mbuzi wengi ambao hawakualikwa. Kwa sababu ya mchanganyiko huo, mfasiri alitumia Kiswahili. Mfasiri aliitwa Javan, kijana mtanashati mwenye kipaza sauti, na picha ikisema Kizungu yeye anaigeuza hapo hapo.

Javan alizaliwa Karungu, na ulimi wa Karungu hauna biashara na herufi ya zedi. Akitaka kusema "zuri" anasema "suri". Akimwita mzee, anamwita "msee". Kwa siku za kawaida haikuleta madhara.

Kwanza ikaonyeshwa picha ya ng'ombe wakiogeshwa kwenye josho, na wafugaji wa Kikuria wakaanza kubishana yule dume mweusi ni wa nani, mpaka mmoja akataka kwenda nyuma ya shuka kumtafuta. Kisha ikaja picha kubwa, ya hadithi. Ndani yake kulikuwa na mzungu mmoja. Nywele zake zilisimama kama ufagio uliogeuzwa, macho yametoka kama ya samaki wa juzi, kiunoni ana mkanda mkubwa wa ngozi unaoning'inia vyuma. Alikimbiza watu na kisu. Alicheka, na akicheka shuka zima lilitikisika. Kisha akapanda juu ya paa la nyumba, akakaa huko akicheka na mwezi.

Phelesia, pale alipokaa kwenye nyasi, alishusha kichwa kati ya magoti. Alijua hiyo ni picha ya nani.

Migori hakuna aliyejua. Migori ilimjua kama mama wa uji, yule mwenye jungu jeusi chini ya nguzo ya simu karibu na posta, anayetundika vibuyu vyake kwenye misumari ya nguzo hiyo na kumtania kila anayepita. Lakini zamani, kabla hajahamia huku, alipokuwa bado ameolewa Karungu, alimzika mtoto wa kike ambaye hakufikisha hata siku ya kupewa jina. Baada ya hapo kichwa chake kikamwacha. Wakampeleka hospitali kubwa ya mbali, huko ambako manesi walitoka kila pembe ya nchi na wakaongea Kiswahili cha kila namna. Huko ndiko alikolijua neno hilo vizuri, na zedi yake yote inayovuma kama nyuki ndani ya debe: wazimu.

Basi akangoja. Alijua Javan atalisema, na neno likitoka, ataona kama limeandikwa kwenye paji la uso wake.

Javan akainua kipaza sauti. "Huyu," akanguruma, "ni WASIMU!"

Watu wakaguna. "Ni wa simu?"

"Wa simu. Hukusikia? Mtu wa simu."

"Kumbe ndivyo wanavyokuwa!"

Na mzungu alipopanda paa, Javan, kwa uchungu wa kazi, akapiga kelele: "Wasimu amepanda! Wasimu amepanda kichwani kabisa!"

Uwanja mzima ukasimama. Wa simu amepanda! Kila mtu aliona kwa macho yake kwamba kweli amepanda. Mzee mmoja wa Kikuria akaeleza wale waliomzunguka kwamba ni zile nyaya: mtu akisikiliza maneno ya watu wa Nairobi kutwa nzima kupitia waya, yanamjaa kichwani mpaka nywele zinasukumwa nje. Mama mmoja akaapa kwamba hata akipigiwa simu na marehemu mumewe hatashika.

Phelesia aliinua kichwa kutoka kwenye magoti. Akawaza kusahihisha. Akawaza tena. Halafu akaona raha ikimpanda kutoka kwenye nyayo, akajifunika leso usoni na kucheka mpaka Truphena akamuuliza kama anaumwa meno.

"Ni huruma," Phelesia alimjibu kwa taabu. "Nawahurumia sana watu wa simu."

Wakaenda zao. Gari la sinema likaondoka alfajiri kuelekea Kisii, na Javan ndani yake, akiwa ametosheka na kazi yake.

Asubuhi Phelesia akawasha moto chini ya nguzo kama kawaida. Truphena alimfuata kuona soko, mtoto wakamwacha na mama yake. Uji ulikuwa unaanza tu kutoa mapovu pale alipotokea mwanamume mgeni, mrefu, kofia kichwani, kiunoni mkanda mkubwa wa ngozi unaoning'inia vyuma, mabegani vyuma vingine vyenye meno.

Huyo alikuwa Maroa, fundi wa simu, ameletwa kutoka upande wa mpakani wiki hiyo. Migori ilikuwa haijawahi kumwona fundi akifanya kazi. Yule aliyemtangulia alikuwa mzee mwenye goti bovu. Kazi yake ilikuwa kuigonga nguzo kwa fimbo, kuiuliza kama ni nzima, na kwenda zake. Maroa hakugonga. Alivaa vile vyuma vyenye meno miguuni, akaizungushia nguzo mkanda, na kwich, kwich, kwich, akaanza kupanda.

Mwanamke mmoja wa samaki aliinua macho.

"WA SIMU AMEPANDA!"

Nakwambia, soko la Migori liliondoka. Halikukimbia, liliondoka. Nyanya, viazi, watu, kuku waliofungwa miguu, vyote vilipita kwa pamoja. Muuza viatu mmoja alikimbia mpaka Isebania, akavuka mpaka, na aliposimamishwa upande wa Tanzania akadai yeye ni mzaliwa wa huko. Masese muuza nyama alijifungia buchani na kujining'iniza kwenye ndoano katikati ya nyama ili asijulikane, na ilibaki kidogo anunuliwe. Jungu la Phelesia lilipigwa teke na watu wengi kiasi kwamba hakuna mmoja anayeweza kulaumiwa. Uji ukaenda zake mtaroni.

Halafu wakarudi. Watu wakiwa wengi hupata ujasiri, na hawa walirudi na michi, na mawe, na wavu mzima wa samaki. Masese alirudi na shoka.

Maroa, juu kule, aliangalia chini. Akaona halaiki ya watu imezingira nguzo na wavu umetandazwa. Hakujua la kufanya, basi akafanya anachofanya mtu yeyote mwema aliyechanganyikiwa: akacheka kidogo, akavua kofia kuwasalimu. Na nywele zake, kwa jasho na kwa upepo wa kule juu, zikasimama.

"Anacheka!"

"Nywele! Oneni nywele!"

"Jamani, kuna nini?" Maroa aliita. "Msiogope! Mimi ni wa simu!"

"Amekiri mwenyewe!"

"Ndiyo, mimi mtu wa simu kabisa! Ningeonyesha kitambulisho, lakini mikono—"

"Anatafuta kisu! Masese, kata nguzo!"

Masese akatema mate viganjani na kuinua shoka. Pigo la kwanza likaingia kwenye mti, na vibuyu vya Phelesia vikaruka kwenye misumari yake. Kule juu Maroa akakumbatia nguzo kwa mikono na miguu, na kicheko chake kikaisha.

Phelesia alikuwa amesimama kwenye matope ya uji wake. Yeye peke yake sokoni ndiye aliyejua. Na alijua pia gharama: mpaka saa hiyo lawama za sinema ile zilikuwa juu ya shingo za watu wa simu, na yeye alikuwa salama, na nyumbani kulikuwa na mtoto ambaye zamu yake ya kumshika ilikuwa leo. Aliangalia mikono yake mitupu. Aliangalia shoka likiinuka mara ya pili.

"Masese! Ukiangusha nguzo yangu vibuyu nitatundika wapi, masikioni mwako?"

Shoka likasimama hewani.

"Javan hakusema wa simu," alisema. "Alisema wazimu."

"Ndiyo," umati ukajibu. "Wa simu."

"Wazzzimu!"

"Wasssimu," wakaitikia, kama kanisani.

"Hapana! Zzz! Kama nyuki!"

"Nyuki wa simu?" mtu mmoja wa nyuma akauliza.

Phelesia akaona zedi haitamwokoa mtu siku hiyo. Akalisema kwa Kijaluo, *neko*, ugonjwa wa kichwa, na Waluo wakashtuka. Mkuria mmoja akawafasiria wenzake. Halafu, kwa sababu shoka lilikuwa bado juu, akamalizia.

"Ile sinema ilikuwa ya mtu mwenye wazimu. Haikuwa ya mtu wa simu. Huyo hapo juu ni fundi na anaogopa tu. Mkitaka kumwona aliyekuwa na wazimu, mnaye hapa. Ni mimi. Nilikuwa nao, nikalazwa, nikapona, nikaja hapa kuwapikia uji. Sasa niangalieni. Nimewahi kumuuma nani?"

Watu wakajikagua mikono. Hakuna aliyeona alama ya meno.

"Mimi," alisema mzee mmoja polepole. "Ule uji wa Jumatatu uliniuma tumbo usiku kucha."

"Huo ulikuwa umechacha, na nilikuambia usinywe!"

"Kweli uliniambia," mzee akakubali.

Mtu akacheka, mwingine akamsaidia, na Masese akajikuta ameshika shoka bila sababu, akalitazama, akajifanya amekuja kuchanja kuni. Lakini vichwa vilikuwa vimegeuka. Vile vile alivyoogopa uwanjani, vichwa vyote vilimgeukia yeye. Na kimoja, kikichungulia chini ya meza ya vitunguu, kilikuwa cha Truphena.

Maroa akashuka, kwich, kwich. Phelesia akamshika mkono.

"Mama," alisema, "mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Umefanana na mtu. Kunywa uji upate nguvu." Halafu akakumbuka mtaro. "Ukimaliza laini yako njoo nyumbani, lile boma la pili nyuma ya kanisa. Nitapika mwingine."

Alipogeuka kumtafuta mgeni wake, mgeni hakuwepo. Vumbi la barabara ya nyumbani lilikuwa limesimama wima, na Truphena ndani yake.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka wakafika kwenye ile kona, mtungi huku, tenga la kuku kule.

"Hukuniambia!" Truphena alisema sasa. "Nimekula kwako! Nimekalia kiti chako! Sokoni ndipo nisikie, pamoja na mbuzi!"

"Ningekuambiaje? Karibu, Mama Dolphine, kaa hapa, kunywa chai, halafu niliwahi kuwa na wazimu, niongeze sukari?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Mama," Dolphine alisema nyuma ya pazia, "mimi nilijua."

Truphena akageuka kama amepigwa na mwiko. "Ulijua nini?"

"Nashon aliniambia yote, kabla ng'ombe hata mmoja hajafika kwenu. Nikasema, na mimi nina shangazi anayeongea na bata. Tukaoana."

"Shangazi yako haongei na bata! Anawaita tu!"

"Anawauliza habari za nyumbani, Mama."

"Hata hivyo!" Truphena akarudi kwa Phelesia, kwa sababu upande ule alikuwa anashindwa. "Sinema nimeiona kwa macho yangu. Hao watu wanakimbiza wenzao na visu."

"Kisu?" Phelesia alisema. "Mimi sikuweza kuinua kijiko, kisu ningekitoa wapi? Kukimbiza? Kwa miguu ipi? Mama Dolphine, mimi nilikaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Nilikaa kwenye kigoda nikiangalia ukuta. Kuku wangu mmoja aliona sitikisiki, akapanda mapajani, akataga yai, akalalia, akatotoa, akawaongoza vifaranga wake wakashuka kupitia magoti yangu, na mimi bado naangalia ukuta."

"Uongo!"

"Vifaranga wengine mnawala mpaka leo. Yule wa jana uliyemsifu supu, babu yake alizaliwa hapa." Akapiga paja.

Truphena akabana midomo, lakini mashavu yalianza kumtoroka. Akayarudisha.

"Na ulikuwa unacheka," alisema. "Wanacheka. Yule alicheka mpaka mwezi ukaogopa."

"Sikucheka." Hapa sauti ya Phelesia ilishuka kidogo. "Hilo ndilo lililonishangaza jana. Sikucheka mwaka mzima. Sinema wangeniweka mimi, watu wangelala. Mwanamke amekaa. Bado amekaa. Amekaa tena. Nani angekesha uwanjani kwa hiyo? Siku moja kule hospitali, nesi mmoja mnene alipita na sinia la ugali, akateleza, akaanguka, na ugali wote ukaruka na kurudi kumkalia kichwani kama kofia ya askofu. Akainuka nao, akatembea nao mpaka mlangoni, kwa heshima kabisa. Nikasikia sauti fulani. Nikatafuta ni nani. Nikakuta ni mimi nacheka. Daktari alikuja mbio. Akasema, huyu mwandikieni ruhusa ya kwenda nyumbani."

Nje, kuku walikuwa wakichakura. 

"Kwa hiyo ukiniona nacheka ndiyo uogope?" Phelesia alisema. "Ogopa siku nitakapoacha."

Truphena aliangalia mtoto. Akamwangalia Phelesia, ile mikono ambayo bado ilikuwa mbele, imechoka lakini haijashuka. Alikuwa mtu wa Mbita, mgumu kama samaki aliowaleta, lakini hakuwa jiwe.

"Hilo neno," alisema, akitafuta pa kupitia. "Lenyewe linasemwaje?"

"Wazimu."

"Wasimu."

"Ulimi karibu na meno, halafu uunguruze. Zzz."

"Sss."

"Zzz!"

"Sss! Sss!" Akatema mate mpaka mtoto akakunja uso usingizini. "Basi, kama siwezi hata kulisema, nitalipelekaje Mbita? Wataniuliza. Watasema, huyo mama mkwe ana nini, na mimi nitajibu ni wa simu, na watafurahi, watataka tuwapigie! Hapana. Hapana, Mama Nashon. Umeongea vizuri, na kuku nimemwamini nusu. Lakini mtu akishaona na macho yake, hawezi kufuta. Yule wa sinema nilimwona. Huyu wa nguzo nilimwona. Wewe mwenyewe ulimshika mkono, na hakukung'ata, kwa nini hakukung'ata? Mnajuana! Basi ni la mchana, na nimemaliza, na huyu mtoto hatashikwa na—"

Kwich.

Vyuma vilikwaruza kizingiti. Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Alisimama pale mrefu, mkanda mkubwa wa ngozi kiunoni ukining'inia vyuma, nywele zimesimama wima kwa jasho la nguzo zote za Migori, na kwa furaha ya mtu aliyefika salama akatabasamu kwa meno yote.

"Hodi! Mimi ni yule wa sim—"

Kichwa cha Truphena kilikuwa kimeshaelewa kila kitu. Miguu yake ilikuwa bado haijapata habari. Ilimrusha kutoka kwenye kona, na katikati ya safari mikono yake ikatafuta mahali pa usalama pa kumweka mtoto, pakawa ni mahali pamoja tu, mikononi mwa Phelesia. Akamsukuma humo kwa mikono miwili na kupotelea nyuma ya mgongo wa Phelesia, akashika leso yake kwa meno. Tenga la kuku likapinduka. Kuku wakaondoka kila mmoja kwa njia yake, na mmoja akatua kwenye bega la fundi.

Phelesia hakusogea. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na moto, kama kibuyu kilichotoka kujazwa. Alifungua jicho moja, akaangalia nyanya yake, akaangalia mtu mlangoni mwenye kuku begani.

"Nimekuja kwa ule uji," Maroa alisema kwa sauti ndogo.

Nyuma ya mgongo, Truphena alifungua mdomo kumalizia sentensi yake, na leso ikadondoka, na akaona mtoto tayari ameshikwa.